Pakacha Lililozibwa

Kila refa duniani huitwa kipofu. Mdogo wangu Semvua ndiye refa pekee niliyemjua aliyefurahi kuitwa hivyo, maana kwake lilikuwa jambo la kweli. Presha ya macho ilimpofusha akiwa na miaka ishirini na mbili. Alipofika ishirini na saba akavaa miwani yetu, akaona tena, na miaka tisa iliyofuata amechezesha ligi ya wilaya ya Korogwe bila kuomba huruma ya mtu. Mashabiki wakimzomea, "Refa kipofu!" yeye huinua kidole gumba na kuendelea na mchezo. Mimi dada yake, Hidaya Mbelwa, niliyeiunda miwani hiyo kwa mikono yangu, hukaa jukwaani nimevimba kama andazi. Sioni aibu kulisema hilo. Mtu akifanya kitu kizuri ana haki ya kukitazama.

Jumamosi ile Magoma walikuwa wanacheza na Mombo. Magoma jezi nyekundu, Mombo kijani. Dakika ya sabini mshambuliaji wa Magoma akaanguka ndani ya boksi la Mombo. Semvua akapuliza filimbi, akanyoosha mkono kwenye nukta ya penalti. Uwanja ukalipuka. Yule kijana alikuwa amekwatuliwa na mwenzake wa Magoma, waligombea mpira mmoja wakagongana, na watu wote walikuwa wameona isipokuwa refa.

"Refa kipofu! Refa kipofu!"

Safari hii hakuinua kidole gumba. Alisimama pale pale, akageuza kichwa polepole akiwatazama wachezaji mmoja mmoja, na nikajua kwamba hawaoni vizuri. Baada ya mashauriano na washika vibendera alifuta ile penalti, akamaliza mechi kwa kubahatisha, akatoka uwanjani akisindikizwa na askari wawili.

Nilimkuta nyuma ya jukwaa anafungua viatu.

"Dada," akasema kabla sijafungua mdomo, "leo jezi zote ni za kijivu."

"Tangu lini?"

"Rangi zimeanza kufifia Jumatatu. Jana nyekundu ilikuwapo kidogo. Na picha inachelewa. Nasikia mpira umepigwa, ndipo naona mguu unainuka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie uje na sanduku lako la bisibisi, unikalishe kitako mpaka ligi iishe?" Alicheka, lakini mikono yake ilikuwa inatafuta kamba za viatu kwa kupapasa. "Niambie kweli. Ni miwani, au ni huko kwenu?"

Nilimfunga kamba za viatu kama tulipokuwa watoto. Nilijua si miwani.

*

Miwani ya Semvua ni kamera mbili na uzi mwembamba upitao nyuma ya sikio, basi. Yenyewe haina akili. Kuzigeuza picha ziwe kitu ambacho ubongo utakipokea ni hesabu nyingi mno, na lazima zifanyike karibu, upesi kuliko kupepesa kope. Mashine za kufanya kazi hiyo zipo, ila hakuna mtu wa mtaani kwetu anayezimudu. Lakini kila nyumba ya pili ina kilemba, hicho hicho kifaa cha kichwani mnachokivaa kuchezea michezo ya kompyuta. Mchezaji akiwa ameketi kwenye kochi anapanda mlima wa kubuni, robo tatu ya akili ya kilemba chake imelala usingizi.

Mimi na fundi mwenzangu, Gwakisa Mwaipaja, ndio tuliosema iamshwe. Tulianzia kwenye ghala kuukuu la mkonge kando ya reli, tukalala humo juu ya mikeka miezi minane. Kila mwezi watengenezaji wa michezo walituazima michezo kumi na miwili, tukaifunga pamoja, na mnunuzi akatoa alichojaliwa. Kisha akasogeza kitelezi kidogo kwenye kioo kusema ni kiasi gani cha akili ya kilemba chake kivuje kwa jirani wakati yeye anacheza. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Huduma tukaiita Pakacha. Vilemba thelathini vinavyovuja vilitosha jozi moja ya macho, nasi tulifika jozi elfu mbili na mia tatu, kutoka Tanga mpaka Same.

Na kabla macho ya mtu hayajaingia kwenye kilemba cha mwingine, yalibisha hodi. Hilo lilikuwa langu. Ndani ya kila mchezo niliweka kizingiti. Mchezaji alisikia sauti ya upole ikisema hodi. Akijibu "Karibu", macho huingia. Asipojibu hubisha tena, na ya tatu, kisha huondoka kwenda nyumba nyingine, kama mtu yeyote aliyelelewa.

"Mashine nayo ina haya?" Gwakisa alinicheka wakati ule.

"Mashine haina. Mimi ninayo."

Miaka minne iliyopita kampuni ya Olvanta ikalinunua Pakacha. Walikuja na keki yenye sura ya pakacha, wakaapa kwamba hakitabadilika kitu. Mwaka wa kwanza kitelezi kikawekewa kikomo, kisipite nusu. Mwaka wa pili kisipite sehemu moja ya kumi, na ukitaka kukiona ukifukue chini ya kurasa nne za mipangilio. Kisha lile furushi la mwezi likageuzwa kuwa malipo ya kudumu ya michezo iliyochacha, na watengenezaji wetu wazuri wakaanza kuondoka kimya kimya. Mimi nilibaki. Nilijiambia nabaki ili nilinde. Kuna watu hujiambia hivyo mpaka wanastaafu.

*

Jumatatu asubuhi nilimkuta Gwakisa ofisini, ghalani mle mle, ila siku hizi kuna zulia. Nilifungua takwimu za kizingiti mbele yake. Hodi zilizobishwa wiki ile zilikuwa mamilioni. Zilizojibiwa unaweza kuzihesabu kwa vidole vya ukoo wako.

"Watu wamekuwa wachoyo ghafla hivi?" niliuliza.

Gwakisa hakunitazama. Ni mtu mwembamba, mpole, na akiwa na hatia huanza kunyoosha vitu mezani. Alinyoosha kalamu, akanyoosha kikombe.

"Hawakatai, Hidaya. Hawasikii. Makao makuu wanaiondoa ile sauti, kilemba baada ya kilemba, tangu Jumatatu iliyopita."

"Sauti gani?"

"Ya hodi. Kizingiti ni chako, lakini sauti inatoka kwenye pazia la nje, ile programu inayoubeba mchezo, na pazia ni lao. Wanasema inakata utamu wa mchezo. Na kwa kuwa karibu watu wote hujibu 'karibu', wakaona hakuna haja ya kuuliza."

Nilihitaji muda kidogo kuelewa ujinga wa ukubwa huo. "Kwa hiyo macho ya Semvua yanafika mlangoni, yanabisha mara tatu, hakuna anayesikia, yanaondoka."

"Kwa adabu zote," alisema Gwakisa. "Kama ulivyoyafundisha."

Ningekuwa na kitu mkononi ningemrushia. Yeye akavuta kiti karibu, akashusha sauti.

"Nisikilize kabla hujapandisha. Hawatairudisha ile sauti, nimeomba mara tatu. Lakini wewe unaweza kuiondoa kanuni. Ni mstari mmoja. Tangu siku ya mauzo kizingiti hakifunguki ila kwa sauti yako, na unajua ni nani aliyeng'ang'ania sharti hilo."

"Wewe."

"Mimi. Sasa nakuomba. Macho yasibishe, yaingie tu. Ukitamka leo, kabla ya chakula cha mchana Semvua anaona nyekundu."

Kusema kweli nilishawishika. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kutamka. Ila kabla fundi hajafungua mlango huuliza upepo unatoka wapi.

"Na wao je? Mlango ukiwa wazi, watapitisha nini?"

Gwakisa alikinyoosha kikombe ambacho kilikuwa kimeshanyooka. Sikuwahi kumjua kwa uongo, na siku ile hakusema uongo.

"Watakodisha akili ya vilemba kwa wateja wao. Na watajua mchezaji anatazama nini, anashtuka wapi, anapenda nini."

"Bila kumwambia."

"Itaandikwa kwenye masharti."

"Ukurasa wa ngapi?"

Badala yake akaniambia kuwa wameniandalia cheo, Mlezi Mkuu wa Hisani, na ofisi Arusha. Nilimwambia hicho ni kilemba cha ukoka, na kichwa changu hakina mbuzi wa kukila. Hapo ndipo alipokasirika, na hasira yake ilinichoma kuliko cheo.

"Watu elfu mbili na mia tatu, Hidaya! Wanaingia gizani mmoja mmoja wakati wewe unalinda kitu gani? Neno? Nipe jibu Ijumaa. Nao nitawaambia hivyo."

*

Nilimpelekea Semvua habari hiyo nikiwa nimeshakata shauri. Nilikuwa nitatamka. Nilitaka tu anibariki.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Usinipe mimi peke yangu mzigo huu, nitakuchagulia kwa ajili ya ligi. Waite wenzangu."

Jumatano mchana watu kama arobaini wenye miwani yetu walikusanyika kwenye ukumbi wa mtaa. Walikuwapo mwalimu wa hesabu, fundi baiskeli, mwanamke mmoja aliyerudi kushona baada ya miaka kumi na mitano. Wengine waliingia wakiongozwa tayari na watoto wao. Niliwaeleza kila kitu bila kupamba, pamoja na ile kanuni kuwa ni yangu, kwa hiyo kijivu chao kilikuwa na jina langu ndani yake.

Semvua alisimama wa kwanza. Hapo ndipo nilipotambua kuwa mdogo wangu amekua mtu mzima bila kuniomba ruhusa.

"Jamani, mimi nina miaka tisa naona kwa akili za watu nisiowajua. Sijawahi kujihisi mwizi hata siku moja. Sababu ni kwamba nilibisha, wakanikaribisha. Leo mnaniambia niingie kwa dirisha, tena nikiingia, nyuma yangu waingie na wengine wanaokuja kupekua. Mimi nitakuwa mgeni gani huyo? Heri kufa macho kuliko kufa moyo."

Wengi waliguna kukubali. Kisha ikatoka sauti kutoka nyuma, kavu.

"Aliyetunga methali hiyo alikuwa anaona."

Alikuwa Mwantumu, anayechoma vitumbua stesheni. Alikuwa amempakata mwanawe wa miezi kumi na mmoja, mtoto mzito anayehangaika kushuka. Mwantumu alizaliwa haoni. Uso wa mwanawe ndio uso wa kwanza aliowahi kuuona ukiwa mpya.

"Wewe refa una heshima," akasema. "Mimi nina mtoto na karai la mafuta ya moto. Heshima yako itamshika mkono asitumbukie? Dada Hidaya, fungua huo mlango. Hao wanaochunguliwa kwenye michezo yao watapungukiwa na nini? Wamekaa kwenye makochi."

Mpaka leo sijapata jibu lenye kumtosha. Nilitazama sakafu. Nikajiuliza kama kweli nilikuwa nimejenga adabu au nilikuwa nimejijengea sanamu.

Semvua akanigeukia. "Dada, hebu niambie. Ile hodi yetu, ilikuwa sauti ya nani?"

"Ya mashine. Niliitengeneza mwenyewe. Nzuri, ya upole."

"Basi hapo ndipo ulipokosea."

"Mimi?"

"Wewe. Tangu lini mgeni akatuma kengele? Hodi ni sauti ya mtu. Aliye ndani anakujua kwa sauti yako kabla hajafungua. Ulitutangulizia kitu kisicho na jina, ndiyo maana wameweza kukifuta kama wanafuta meza. Sauti yangu mimi wangeifuta hivyo? Niache nibishe mwenyewe."

Nimesoma shahada mbili. Nimeunda macho. Na katika miaka tisa halikunijia hilo, kwa sababu niliogopa kwamba watu wataona haya kuomba, nikawaombea mimi kwa mlango wa nyuma. Nilisimama pale mbele ya watu arobaini nikacheka kwa aibu, na aibu ile ilikuwa tamu.

Pazia la nje lilikuwa la Olvanta, lakini ndani ya mchezo mtengenezaji ni mfalme. Anaweza kuweka sauti anayotaka. Na michezo yenyewe hatukuwahi kuiuza, maana haikuwa yetu. Tuliazimwa tu.

"Kwa hiyo mnataka tukapige kelele milangoni mwa watu," alisema Mwantumu. Alikuwa amesimama, mtoto begani. "Mimi si ombaomba. Nachoma vitumbua vyangu, nakula jasho langu. Sitamlilia mtu nisiyemjua aniazime macho nimwone mwanangu niliyemzaa mwenyewe."

Akatoka, anagusa viti kimoja kimoja mpaka mlangoni. Hakuna aliyethubutu kumshika mkono.

*

Usiku na mchana wa Alhamisi nilikuwa kwenye simu. Wa kwanza kumpigia alikuwa Pendaeli, yuko Moshi, mtengenezaji wa Mfereji, mchezo uliopendwa kuliko yote tuliyowahi kufungasha. Ndani yake unayaongoza maji kutoka mlimani hadi migombani, na watu wazima wameupigania kama watoto. Alikuwa amekaa na Olvanta kwa shingo upande.

"Kuweka sauti ni kazi ya siku nane, tisa," alisema. "Ila Olvanta hawataikubali kwao, itabidi niutoe Mfereji, na kizingiti chako kinatoka nao. Hizo siku tisa macho yatakuwa gizani kabisa, Hidaya. Si kijivu. Giza."

"Najua."

"Unajua, au unasema unajua?"

Nilikiri kuwa nasema tu.

Ijumaa saa nne Gwakisa alinisogezea kipaza sauti mezani. Alikuwa amevaa tai. Nilikirudisha upande wake.

"Siondoi kanuni. Na michezo minane kati ya kumi na miwili inatoka leo. Wenyewe wameitaka."

Alilegeza tai. "Utawazima watu."

"Wengi wao wameniambia niwazime."

"Wote?"

"Si wote," nikasema.

Alinitazama kwa macho ya yule kijana wa mikekani. Nilidhani atasimama tutoke pamoja. Hakusimama. Ana wazazi, ana mkopo wa nyumba, na pengine aliamini kweli kwamba nimekosea. Nilichukua kikombe changu nikaondoka. Jina la Pakacha tuliwaachia, na keki yake.

Siku tisa zile sitaki kuzipamba. Semvua alitoa fimbo yake nyeupe juu ya kabati, akaipangusa vumbi, na mechi mbili zilichezeshwa na mtu mwingine. Fundi baiskeli aliniambia amewaambia wateja wake anaumwa. Nilipita stesheni nikakuta karai la Mwantumu limefunikwa, na jirani yake akaniambia, "Ameacha kuchoma kwa sababu ya mtoto." Nilinunua vitumbua vya mwingine nikashindwa kuvila. Mtu asikudanganye kwamba ukitenda haki unalala usingizi.

*

Jumapili ya siku ya kumi, saa nne asubuhi, tulifungua. Watengenezaji walikuwa wametangaza furushi jipya kwa majina yao wenyewe, michezo minane, toa ulichojaliwa, na ndani mtu atakubishia hodi. Hatukuwa na keki. Tulikuwa sebuleni kwa Semvua, mimi, yeye, na chai.

Alivaa miwani, akakohoa kusafisha koo kama anayekwenda kuhutubia bunge.

"Hodi," alisema. "Mimi ni Semvua Mbelwa, refa wa Korogwe. Jumamosi tatu zilizopita nilitoa penalti ya ovyo, walioiona wanisamehe. Naomba kuazima macho."

Ilipita sekunde moja, nami nikaona miaka tisa yangu imesimama kwenye ukingo wa hiyo sekunde. Kisha zikaanza. "Karibu." "Karibu sana." Sauti ya mzee mmoja: "Karibu, refa, ila ile penalti ilikuwa aibu." Sauti ya mwanamke akicheka: "Ingia, kaka, mlango uko wazi." Alihitaji vilemba thelathini. Vilijibu mia nne na kumi na sita, na katika wale mia nne hakuna hata mmoja aliyejua kabla ya siku ile kwamba kilemba chake kinamshika nani mkono. Miaka yote tuliwaambia wanasaidia. Hatukuwahi kuwaambia wanamsaidia Semvua.

Mdogo wangu aligeuza uso kunielekea. Akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Dada," akasema, "hiyo blauzi ya zambarau na hiyo kanga ya machungwa, umezivaa pamoja kwa makusudi?"

Nililia kama mtoto. Nilijivunia kila mtu siku hiyo, mpaka yule mzee wa penalti.

Jioni Gwakisa alinipigia simu. "Makao makuu wanauliza mmefanyaje. Nimewaambia mmebisha hodi. Wameniuliza hiyo ni programu ya nani, wainunue."

Tulicheka wote wawili. Kisha akakata simu.

Si wote waliorudi. Wiki ile ya kwanza walibisha watu mia tisa kati ya elfu mbili na mia tatu. Wengine waliona haya, wengine walikuwa na hasira na mimi, na hasira yao ilikuwa na haki. Jina la Mwantumu nililitafuta kwenye orodha kila asubuhi, sikulikuta.

*

Wiki ya pili, Jumatano, saa tatu asubuhi, nilivaa kilemba. Miaka yote hiyo nilikuwa sijawahi kucheza hata mchezo mmoja nikiwa mchezaji tu. Nilikuwa fundi, naingia na bisibisi. Pendaeli alinisuta. Alisema mpishi asiyekaa mezani hajui kama chakula kina chumvi. Basi nikaketi kwenye kochi kama watu wengine, nikaufungua Mfereji.

Nilikuwa nimeshayashusha maji hadi kwenye mgomba wa kwanza, najiona bingwa, yaliponyamaza ghafla. Pendaeli ameyafundisha hivyo. Mtu akiwa mlangoni, maji hunyamaza ili umsikie.

"Hodi."

Sauti ya mwanamke, kavu.

"Mimi naitwa Mwantumu, wa Korogwe, pale stesheni. Nachoma vitumbua. Sikiliza, wewe uliye huko, sijazoea kuomba na sitajifunza leo. Nina mtoto. Ameanza kutembea na sijaona hata hatua yake moja, namsikia tu. Ni hilo tu."

Hakujua ni mimi. Kizingiti hubisha kwenye vilemba vilivyo karibu mpaka vitimie thelathini, hakiulizi vya nani, na changu kilikuwa kimoja kati yake. Nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Machozi yalinishuka ndani ya kilemba, na kizingiti nilichokiunda mwenyewe kinajua neno moja tu na hakipokei machozi.

"Hodi," alisema mara ya pili, na safari hii ukavu ulikuwa umepungua.

Nilijipiga kifua kwa ngumi. Sekunde kumi kati ya hodi na hodi, mimi ndiye niliyezipanga, na sikuwahi kujua ni fupi kiasi gani.

"Hodi, jamani," akasema kwa sauti ndogo.

"Karibu!" nikapata sauti, nikapiga kelele kama mwendawazimu sebuleni peke yangu. "Karibu, karibu ndani!"

Upande wake nilisikia mafuta yanachemka kwenye karai la jirani, kisha pumzi ikivutwa na kushikiliwa, ndefu, mpaka nikaogopa.

"Wee!" alipaza sauti Mwantumu. "Nani kakupandisha kwenye meza? Shuka! Shuka, njoo hapa nikuone."